Barafu ya mtindi kwa joto la kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikishashika, pwani yote kutoka Mtwara mpaka Lamu huwa ni feni, madirisha wazi na mtungi wa maji karibu na kitanda. Msimu huu friza za mitaani hujaa barafu za ubuyu na za ukwaju, za kula nyumbani na za kuwauzia watoto dirishani. Ni tamu, lakini nyingi ni maji, sukari na rangi tu. Mtindi ukigandishwa vizuri unapoza vilevile, unashikilia tumbo kidogo, na uchachu wake unakata kiu kuliko soda yoyote. Mashine haihitajiki. Kinachohitajika ni kumjua adui, na adui ni maji. Maji yaliyozidi ndiyo yanayoganda na kuwa chenga zinazokwaruza ulimi. Kwa hiyo karibu kila utakachosoma hapa ni namna ya kuyapunguza, au kuyazuia yasigande kwa mapande.

1. Chagua mtindi mtupu, wenye mafuta yake

Usinunue ule uliokwisha kutiwa sukari na ladha ya stroberi. Utamu na ladha utatia mwenyewe. Mtindi wa kawaida wa Tanga Fresh au Asas unafaa, maziwa lala ya Kenya yanafaa, na wa muuza maziwa unayemwamini mtaani kwenu unafaa pia. Uliotolewa mafuta uache dukani. Mafuta ndiyo yanayoifanya barafu iwe laini mdomoni, na bila hayo utapata kitu kigumu kinachovunjika kama chaki.

Ukitaka kutengeneza mtindi mwenyewe, chukua lita moja ya maziwa freshi, yapashe mpaka yakaribie kuchemka, kisha yaache kwenye moto mdogo dakika kumi huku unakoroga. Usiruke hatua hiyo, kwa sababu joto hilo huibadilisha protini ya maziwa ikaweza kushika maji vizuri zaidi, na mtindi unatoka mzito. Yaache yapoe mpaka uweze kutia kidole kilicho safi na kuhesabu hadi kumi bila kuungua. Hapo ni kama nyuzi 45 za Selsiasi. Tia vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, koroga, mimina kwenye hotipoti, funika, zungushia kanga nzito na usiiguse mpaka asubuhi.

2. Chuja usiku kucha

Kama utafuata kidokezo kimoja tu, fuata hiki. Tandika kitambaa safi cha melimeli, au kipande cha shuka jeupe lililochakaa na kufuliwa vizuri, juu ya chujio. Weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, kunja ncha za kitambaa juu yake, kisha ingiza vyote kwenye friji. Baada ya saa mbili utaona maji ya rangi ya manjano-kijani yamejaa chini. Usiridhike. Acha mpaka kesho yake, na lita moja ya mtindi itakuwa imebaki karibu nusu, nzito kiasi kwamba kijiko kinasimama chenyewe.

Mtindi wetu wa kunywa ni mwepesi kuliko yogati ya kopo, kwa hiyo ukitumia mtindi usiogope maji mengi yanayotoka. Ndivyo inavyotakiwa. Wala usiyamwage. Kandia unga wa chapati badala ya maji ya kawaida, au loweka nyama ya kuku ndani yake saa chache kabla ya kuichoma. Yana uchachu mwepesi unaolainisha nyama bila kuiharibu.

3. Pika tunda kwanza

Hapa wengi watashangaa, maana tumezoea kusaga embe bila kulipika na kulitia moja kwa moja. Lakini embe lina maji tele, nawe umetoka kuhangaika usiku kucha kuyaondoa. Saga embe, upate kama kikombe kimoja na nusu, tia sukari gramu 100, ambayo ni nusu kikombe, na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Weka kwenye moto wa wastani na ukoroge mpaka libaki kikombe kimoja, zito na linang'aa. Maji yameondoka, sukari imeyeyuka yote, na ladha ya embe imekolea. Acha lipoe kabisa, kisha changanya na nusu kilo ya mtindi uliochujwa. Hicho ndicho kipimo changu cha msingi, na kinawatosha watu watano au sita.

Ngowe ni zuri sana kwa kazi hii kwa kuwa karibu halina nyuzi. Dodo lina utamu wake, lakini likiwa na nyuzi lipitishe kwenye chujio baada ya kusaga.

Kwa nanasi na papai, kupika si hiari. Yakiwa mabichi yana vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa. Ukiyachanganya na mtindi bila kuyapika, baada ya muda mchanganyiko unakuwa chelema na unaingia uchungu. Yachemshe dakika tano na tatizo limekwisha. Pasheni haina shida hiyo. Kamua, ondoa mbegu au ziache chache kwa urembo, na ongeza sukari kidogo kwa kuwa ni kali.

4. Usiibanie sukari kupita kiasi

Naelewa kwa nini mtu angependa kuipunguza, na katika chai ningemuunga mkono. Kwenye barafu sukari ina kazi ya pili. Maji yenye sukari hugandia kwenye baridi kali kuliko maji matupu, kwa hiyo hata friza ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri sehemu ya mchanganyiko inabaki bila kuganda, na hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kuingia. Ukiiondoa sukari yote utapata tofali. Kumbuka pia kwamba baridi hupunguza utamu ulimini: mchanganyiko unaoonekana mtamu kupita kiasi kabla ya kuganda utakuwa sawasawa ukishaganda.

Asali inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya sukari na kulainisha zaidi, isipokuwa kama kuna mtoto mchanga mezani. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kwa namna yoyote, hata kidogo.

5. Tumia ubuyu mkavu, sio juisi yake

Hii ndiyo ladha ninayoipenda kuliko zote. Nunua unga mweupe wa ubuyu, usiotiwa rangi, na unyunyize vijiko vitatu vya chakula moja kwa moja kwenye nusu kilo ya mtindi, pamoja na sukari ileile ya gramu 100 iliyosagwa laini kwenye blenda ili iyeyuke upesi. Koroga na uache nusu saa. Ubuyu una pektini nyingi, kitu kilekile kinachogandisha jamu, nayo hushika maji yaliyosalia yasijikusanye kuwa chenga. Uchachu wa ubuyu na wa mtindi ni wa aina mbili tofauti, na ukikutana hautoi ukali bali ladha pana. Tia hiliki iliyotwangwa papo hapo, na usiogope kuikoleza, kwani baridi huficha harufu kama inavyoficha utamu.

Kwa ukwaju, loweka kwa maji machache kadiri uwezavyo na utumie rojo tu. Kwa nazi, tumia kasimile, lile tui la kwanza kabla hujaongeza maji. Nusu kikombe kinatosha, na mafuta yake yanaleta ulaini. Tui la pili liache kwa wali.

6. Chombo cha bati, kipana, kifupi

Sinia lenye kingo au treya ya kuokea keki ni bora kuliko bakuli refu la plastiki. Bati hupitisha baridi haraka, na mchanganyiko uliotandazwa kwa unene wa vidole viwili huganda upesi. Kuganda upesi maana yake ni chenga ndogo, na chenga ndogo ulimi hauzisikii. Weka treya tupu kwenye friza saa moja kabla. Mchanganyiko nao uwe umetoka kwenye friji, si juu ya meza ya jikoni yenye nyuzi 32.

Baada ya dakika arobaini na tano, kingo zitakuwa zimeanza kushika. Zikwangue kwa uma, zirudishe katikati, piga kwa nguvu na urudishe ndani. Rudia kila nusu saa, mara nne au tano. Ni kazi ya kupiga simu mbili tatu huku unasubiri, na inaleta tofauti kubwa. Asiye na subira amimine kwenye vitreya vya barafu, agandishe mpaka viwe vigumu, kisha avisage kwenye blenda yenye nguvu.

7. Huna friza? Chumvi na barafu

Njia hii ni ya zamani na inafanya kazi hata leo. Mashine ya kusokota kwa mkono ambayo Nancy Johnson aliipatia hataza huko Marekani mwaka 1843 ilitegemea jambo hilihili. Ukinyunyiza chumvi kwenye barafu, barafu huyeyuka, na katika kuyeyuka huko inavuta joto kutoka kwa kila kilicho karibu. Maji hayo ya chumvi yanaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuganda.

Nunua barafu, uivunje kwenye beseni, na kwa kila kilo tatu tia kilo moja ya chumvi, ile ya mawe ikipatikana, maana ni rahisi. Kalisha sufuria ndogo ya mtindi katikati, barafu ifike karibu na ukingo lakini isiingie ndani. Zungusha sufuria huku unakwangua pembeni kwa mwiko. Ndani ya nusu saa hivi utakuwa na barafu laini ya kula papo hapo. Watoto wakubwa wanaipenda kazi hii na hawachoki haraka, ila wavalishe glavu au wape kitambaa, kwa sababu barafu ya chumvi inaunguza ngozi.

8. Vijiti kwa wadogo

Glasi ndogo za chai au vikombe vya plastiki vigumu ni kalibu tosha. Jaza, ukiacha nafasi ya kidole juu, funika kwa foili, toboa katikati na uchomeke kijiti. Foili itakishikilia kisimame wima. Acha kwenye friza kwa muda wa saa sita. Kuitoa, chovya kikombe kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache, usivute kwa nguvu. Vikombe vinaoshwa na kutumika tena, tofauti na vile vifuko virefu vinavyotupwa uani. Ukitaka kuongeza maji ya matunda kwa tabaka la rangi mbili, tumia maji yaliyochemshwa, kwa sababu kuganda hakuui vijidudu vya kuhara.

9. Wafunike changu na pweza

Friza ya nyumba ya pwani haikosi samaki, na mafuta ya mtindi hunyonya harufu. Hifadhi barafu kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, na ulaze nailoni juu ya barafu yenyewe kabla ya kufunga. Samaki nao wafungwe vizuri. Kwa wiki mbili bado itakuwa nzuri. Baada ya hapo chenga huanza kurudi hata ukifanya kila kitu sawa.

Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia. Friza iliyojaa hushika baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu, hivyo jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji. Ukikuta barafu imeyeyuka lakini bado ni baridi, inywe kama sharubati siku hiyohiyo. Ikiwa imekaa kwenye joto saa nyingi, mwaga.

10. Itoe kabla ya kupakua

Dakika kumi nje ya friza, mwezi wa Februari, zinatosha. Miaka hii Ramadhani imeangukia ndani ya msimu wa joto, kwa hiyo itoe mnapokaribia kumaliza futari. Juu yake vunjia kashata, au korosho za kukaanga zilizotwangwa kidogo tu. Tende zilizokatwa vipande zinapatana sana na ile ya nazi. Ya ubuyu mimi siitii kitu.

11. Wageni wamefika bila taarifa

Jizoeze kuwa na ndizi mbivu zilizomenywa, zikakatwa vipande na kugandishwa. Ndizi tatu, kikombe kimoja cha mtindi mzito, kijiko cha asali, na dakika moja au mbili za blenda: inatoka laini ajabu kwa sababu nyama ya ndizi yenyewe ni nzito na ina sukari yake. Tumia kisukari iliyoiva mpaka ganda limeanza madoadoa meusi, maana ndizi isiyoiva inaacha ukakasi. Hii haihifadhiki, ikirudi friza inakuwa jiwe, kwa hiyo saga kiasi cha waliopo.