SOMO LA ROBO HII: GOTI LA MBWA NA KIPIMO CHA VINASABA



Katika vijiji vya Songea mbwa wa kuwinda ndiye pia mlinzi wa shamba. Mahindi yanapokomaa, yeye hufukuza nyani, ngedere na nguruwe pori. Akilemaa, familia hukesha shambani, na watoto hukosa shule. Kwa hiyo afya ya goti lake ni jambo la maendeleo.

1. Tatizo ni nini?
Ndani ya goti mna kano inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Kwa mbwa wengi kano hii huchakaa polepole, kisha hukatika anaporuka au kugeuka ghafla. Mbwa huchechemea, na akikaa hunyoosha mguu pembeni. Aliyeumia goti moja mara nyingi huumia na la pili.

2. Kipimo kinasema nini?
Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walitaja sehemu 99 za vinasaba zinazohusiana na tatizo hili kwa mbwa aina ya Labrador. Kila sehemu huchangia kidogo tu. Baadaye chuo hicho kilitengeneza kipimo cha mbwa wa aina hiyo. Majibu yake ni makadirio ya hatari, si hukumu, kwa maana unene na umri navyo huchangia. Tena, kipimo kilichotengenezwa kwa Labrador hakiwezi kutegemewa kwa mbwa wetu wa kienyeji, wenye ukoo tofauti.

3. Tufanye nini?
Tusiombe fedha za kipimo hicho. Daftari linatosha kuanzia:
- Andika baba, mama na watoto wa kila mbwa.
- Andika nani alichechemea bila kupigwa wala kugongwa, na akiwa na umri gani.
- Huyo asizalishwe. Ndugu wa tumbo moja wasipandishwe.
- Mbwa asinenepe kupita kiasi. Anayechechemea apumzishwe, amwone mtaalamu wa mifugo.

Utaratibu huu wafaa pia kwa mbuzi na ng'ombe wa mradi.

4. Kipi kitangulie?
Chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mithali 12:10 hutufundisha kwamba haki ya mtu huonekana hata katika kumtunza mnyama wake.

Maswali ya kujadili
1. Kigango chetu kina mbwa wangapi, na wangapi wamechanjwa?
2. Nani atatunza daftari, na nani atalikagua?
3. Mfadhili akitoa fedha leo, tutaanza na lipi, na kwa nini?