Gitaa la Baba Mdogo na Fundi Mwenye Msasa

Mdogo wangu wa Morogoro, kwanza pole na msiba. Pili, kabla hujamaliza aya hii, mpigie simu yule fundi umwambie kazi imesimama. Kama ameshachukua kishika uchumba, mwachie. Hiyo itakuwa pesa ndogo kuliko zote ambazo ungepoteza kwenye habari hii.

Wengine mnaosoma, mambo yako hivi. Kijana ameachiwa gitaa la umeme na marehemu baba yake mdogo, mzee aliyepiga rithim kwenye bendi za dansi enzi zake. Amenitumia picha sita. Kichwani limeandikwa Fender, kisha Mustang. Mgongoni, pale shingo inapoungana na mwili, kuna bamba la chuma lenye skrubu nne, herufi F kubwa na tarakimu sita. Rangi ilikuwa nyeupe, sasa imegeuka kama samli. Fundi wa mtaani amemwambia atalipiga msasa, alipulizie rangi nyeusi ya gari, abadilishe na pikapu, yote kwa laki moja na nusu. Na kuna binamu aliyesoma kwenye simu kwamba Mustang ya Kurt Cobain, yule wa Nirvana, iliuzwa kwenye mnada Marekani mwaka 2022 kwa dola milioni 4.5. Binamu akapiga hesabu, akapata zaidi ya bilioni 10 za kwetu. Tangu siku hiyo, anasema, nyumba nzima haipati usingizi.

Haya, tuamshane taratibu.

Mustang ya Cobain ni ya 1969, ya buluu, yenye mistari. Kwa asili yake ni gitaa la wanafunzi. Fender waliianzisha aina hiyo 1964 kwa ajili ya vijana wanaojifunza: shingo fupi, mwili mdogo, bei nafuu. Zile bilioni zililipia mikono iliyolishika, na video ya Nirvana ya 1991 iliyoonwa na dunia nzima. Mwondoe Cobain, na Mustang ya miaka ya sitini inabaki kuwa gitaa la dola elfu kadhaa kwa wauzaji wa Marekani, likiwa kamili. Hizo ni pesa, usizidharau. Bodaboda unapata, labda mbili. Ila angalia nilivyosema: likiwa kamili. Fundi wako na msasa wake walikuwa wanakuja kuliondoa neno hilo kwa laki moja na nusu, na wewe ndiye ungemlipa.

Nalijua hili kwa sababu nimelifanya. Baba yangu alikuwa na gitaa la Kijapani, la miaka ya sitini, yale yaliyotengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa majina chungu nzima. Halikuwa la thamani sokoni hata siku moja. Lakini juu ya mwili wake, pale kiwiko cha mpigaji kinapolala, vanishi ilikuwa imelika mpaka kwenye mti, alama ya mviringo kama yai. Mimi, binti mwema niliyeanza kupata mshahara, nikaona nimfurahishe mzee. Nikalipeleka gereji, likapulizwa buluu ya gari iliyobaki kwenye kopo. Likang'aa! Baba akalipokea, akaweka mkono wake pale pa siku zote, akapapasa kidogo, akauliza, "Hili la nani?" Hakunigombeza. Aliliegemeza ukutani, na pale ukutani likakaa.

Sisi tumelelewa hivyo: kitu ukikipenda, unakifanya kiwe kipya. Kiti kinapigwa rangi, kaburi linapakwa chokaa, gari linapulizwa. Kwenye biashara ya magitaa ya zamani mambo yamegeuzwa. Wanunuzi wanalipia kile ambacho hakijaguswa. Wauzaji wazoefu watakwambia kuwa gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza karibu nusu ya bei yake, hata kama rangi mpya ni nzuri kuliko ya kwanza. Kwa hiyo ule unjano unaokukera ndio uso wake halisi. Fender walikuwa wanatumia vanishi ya selulosi, na vanishi hiyo juu ya rangi nyeupe hugeuka manjano kwa miaka, halafu hupasuka nyufa nyembamba kama za kikombe cha zamani cha kauri. Usisugue. Kitambaa kikavu, laini, kutoa vumbi, basi.

Sasa nikueleze kwa nini skrubu nne zile zinawanyima watu raha.

Leo Fender alikuwa fundi redio huko Fullerton, California. Gitaa hakujua kupiga, mpaka anakufa. Labda ndiyo maana alilitazama kama redio: kitu kitakachoharibika siku moja na kitakachohitaji kufunguliwa haraka. Wenzake walikuwa wanagundisha shingo kwa gundi, kama seremala wa fanidi. Yeye akaikaza kwa skrubu, ili shingo ikiharibika uchomoe, uweke nyingine, urudi jukwaani. Mwaka 1950 akatoa gitaa la mwili wa mti mzima, usio na uwazi ndani, akaliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina linafanana na la ngoma zao, Fender wakakata jina kwenye vibandiko, na kwa muda katika 1951 magitaa yakatoka kiwandani na neno Fender peke yake, hadi lilipokuja jina la Telecaster. Hayo yasiyo na jina ndiyo leo wakusanyaji wanayatafuta kwa tochi. Mwaka 1954 ikafuata Stratocaster.

Halafu Januari 1965 Leo akauza kampuni kwa CBS, shirika la utangazaji, kwa dola milioni 13. Hapo ndipo wakusanyaji walipochora mstari. Ya kabla ya CBS yana bei yake, ya baada yana yake, hata pale ambapo sikio la kawaida halisikii tofauti yoyote. Mimi naona kuna ushabiki humo, kama wa Simba na Yanga, lakini soko ni lao. Lile bamba lako la F kubwa lilianza kutumika mwishoni mwa 1965, kwa hiyo gitaa lenu liko upande wa huku wa mstari.

Ubaya wa skrubu nne ni kwamba kilichorahisishiwa fundi kimerahisishiwa tapeli. Shingo ya mwaka huu, mwili wa mwaka ule, pikapu za gitaa la tatu, na bamba linanunuliwa lenyewe. Hata nembo ya Fender kichwani ni kibandiko tu. Eric Clapton mwenyewe mwaka 1970 alinunua Stratocaster kadhaa za mitumba huko Nashville, akachukua vipande bora vya tatu kati yake akaunda moja, aliyoiita Blackie. Iliuzwa 2004 kwa dola 959,500. Lakini yeye ni Clapton. Likiungwaungwa la baba mdogo linaitwa chakavu.

Kwa hiyo tulichunguze. Mchukue fundi redio, mzee mtulivu, asiwe yule wa msasa. Akae mezani penye mwanga na bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Mlegeze nyuzi kwanza, kisha mfungue bamba, mwinue shingo polepole. Kwenye kisigino cha shingo, sehemu inayofichwa na mwili, Fender wa miaka hiyo walipiga muhuri wa wino: namba ya aina ya gitaa, mwezi, mwaka, na herufi moja ya upana wa shingo. Mkiona kitu kama MAR 66 B, mpige picha na mrudishe shingo mahali pake. Wino umefutika? Msiukoleze kwa kalamu, tafadhali. Nimeshasikia mtu aliyefanya hivyo.

Kisha lile bati la mbele lenye vitufe. Chini yake kuna volyumu, sawasawa na zile za redio, na mgongoni mwake zimegongwa tarakimu. Ikianza na 137, imetengenezwa na kampuni ya CTS. Ikianza na 304, ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na juma. 1376612, kwa mfano, ni CTS, juma la 12 la mwaka 1966. Hapo msikimbilie kushangilia: Fender walinunua shehena kubwa ya volyumu za 1966 wakazitumia kwa miaka iliyofuata. Volyumu inakwambia gitaa si la kabla yake. Kuwa la baada linaweza. Mtazame na lehemu: ya kiwandani imefifia na haijavurugwa, iliyorudiwa inang'aa na ina matone ya haraka haraka.

Kuhusu pikapu, wadogo zangu mnaofikiria Hilux, tunazungumzia zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba chini ya nyuzi. Ndizo sikio la gitaa. Hata kama moja imekufa, isitupwe wala isibadilishwe. Ibaki ndani, imekufa hivyohivyo. Mnunuzi anataka maiti yake.

Na kama kuna rafiki yako wakala wa pesa, muazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Usiku, zimeni taa zote, mlimulike gitaa. Vanishi ya selulosi iliyozeeka hurudisha mng'ao wa kijani-manjano. Mahali palipopakwa upya panaonekana kama kiraka cheusi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Baba mdogo alilipataje?

Usikasirike. Bendi zetu nyingi za zamani vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakaajiriwa. Zilikuwapo za Polisi, za JKT, za Vijana. Aliyehama bendi aliacha gitaa, akaondoka na vidole vyake. Wapo walionunua yao, wapo waliopewa badala ya mshahara uliochelewa, na wapo walioondoka nayo usiku. Waulize wazee waliopiga naye kabla nao hawajatutoka. Tafuta risiti, barua, hata picha ya ukumbini akiwa amelishika gitaa lilelile. Picha moja ya namna hiyo, yenye tarehe nyuma, inaongeza thamani na inakulinda. Paul McCartney alinunua besi yake ya Höfner huko Hamburg mwaka 1961 kwa kama pauni 30. Ikaibwa London 1972 ndani ya gari, na mwaka 2024 ikatangazwa kuwa imerudi kwake. Miaka zaidi ya 50 ilipita na bado ilikuwa ya kwake.

Dakika moja kwa mdogo wangu wa Mombasa, aliyepata kwa WhatsApp "Les Paul original ya 1959" kwa elfu sitini za Kenya. Acha. Gibson walizitengeneza zile za rangi ya machweo kwa miaka mitatu tu, 1958 hadi 1960, kiwandani Kalamazoo, Michigan, kama 1,500 hivi. Hazikuuzika wakati huo, wakabadilisha umbo 1961. Halafu 1966 Clapton akarekodi na moja kwenye albamu ya John Mayall, na kila mpiga gitaa akaitaka. Wekundu wake hufifia kwa jua, kila moja kivyake, ukawa kama asali au kama chai ya maziwa. Kanga ikichuja hivyo tunamrudishia mwenye duka. Kwa Les Paul wanaongeza pesa. Leo zinauzwa kwa laki kadhaa za dola. Mwenye nayo hawezi kukutumia ujumbe saa tano usiku akikuomba utume nauli ya mzigo kwanza.

Turudi Morogoro. Kama utauza nje, ulizia kibali kabla ya kufunga boksi. Baadhi ya magitaa ya miaka ile yana ubao wa shingo wa mti wa Brazil, ndugu wa mpingo wetu, na biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali tangu 1992, hata ukiwa ndani ya gitaa kuukuu. Mti wenyewe anautambua mjuzi, mimi na wewe hatuutambui kwa macho. Kasha lake usilitupe hata kama limeliwa na panya. Gitaa lenyewe usiliweke chini ya bati wala darini. Kabatini, limelala ndani ya kasha, nyuzi zimelegezwa kidogo.

Mnunuzi wa kwanza atakayekuja na pesa mkononi na haraka mguuni, mpe chai, umuage kwa maneno mazuri. Na ile picha ya bamba irudie, mdogo wangu. Kidole chako kimeziba tarakimu mbili za mwisho.