Kifaa Kimoja, Sehemu Nyingi za Mwili: Kuonyesha Picha ya Mishipa Juu ya Ngozi

Kupata mshipa wa mtoto aliyepungukiwa maji kwa sababu ya kuharisha ni kazi inayomtia jasho hata muuguzi mzoefu. Mishipa imesinyaa, mtoto analia na kujinyonganyonga, na kila sindano inayokosa mshipa humwongezea maumivu na kupunguza mahali pa kujaribu tena. Hali hiyo huwapata pia wagonjwa wa selimundu, wanaotibiwa saratani kwa dawa za mishipani, na wazee waliokwisha kuchomwa mara nyingi. Kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii kimebuniwa kifaa kinachoonyesha picha ya mishipa juu ya ngozi yenyewe, nacho huitwa projekta ya mishipa. Mmoja wa waanzilishi wake ni Herbert Zeman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee huko Memphis, Marekani.

Kifaa hicho kimoja hutumika juu ya mkono, kiwiko, mguu na hata kichwa cha mtoto mchanga. Somo hili linaeleza jinsi picha hiyo inavyopatikana, na kwa nini haiwezi kuaminiwa kwa kiwango kimoja katika kila sehemu ya mwili.

Picha inavyopatikana

Mwanga unaoonekana kwa macho una mawimbi yenye urefu wa takribani nanomita 400 hadi 700. Projekta ya mishipa hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni, wenye mawimbi ya kati ya nanomita 700 na 1,000. Mwanga huo hupenya ngozi, na sehemu yake hurudi nje. Himoglobini iliyomo katika damu huufyonza. Kwa hiyo mahali penye vena hurudisha mwanga kidogo kuliko mahali palipopakana napo. Kamera husoma tofauti hiyo, kompyuta iliyo ndani ya kifaa huigeuza kuwa picha, na projekta huirudisha picha juu ya ngozi papo hapo. Mhudumu huona mistari myeusi ndani ya mwanga wa kijani au mwekundu, kulingana na aina ya kifaa.

Melanini, ambayo huipa ngozi weusi wake, hufyonza mwanga wa infraredi kwa kiasi kidogo kuliko mwanga wa kawaida. Ndiyo sababu mshipa usioonekana kwa macho katika ngozi nyeusi huweza kuonekana kwa kifaa hiki. Mgonjwa hana haja ya kuhofu: mwanga huu si mionzi ya eksirei, wala hauumizi. Hata hivyo, usielekezwe machoni. Mshipa wa kichwani unapotafutwa, macho ya mtoto yafunikwe.

Sehemu za mwili hazifanani

Mgongo wa kiganja cha mtu mzima ni tambarare kwa kiasi, na ngozi yake ni nyembamba. Picha hulingana vizuri na mshipa. Kiwiko cha mtoto mnene kina mafuta mengi, na mguu wa mtoto mchanga ni mdogo na wa mviringo. Juu ya sehemu iliyopinda, picha huweza kuvutika pembeni, na mstari ukaangukia kando ya mshipa halisi. Kwa mshipa mwembamba, kosa la milimita moja au mbili latosha kuipoteza sindano. Kwa hiyo kifaa kishikwe wima juu ya katikati ya mshipa, kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji. Mkono wa mgonjwa ndio ugeuzwe, kifaa kisiinamishwe.

Picha pia haina kina. Huonyesha mishipa iliyo karibu na uso wa ngozi, kwa kawaida isiyozidi takribani sentimita moja, lakini haisemi mshipa uko chini kiasi gani. Neva hazionekani, na ateri iliyo chini zaidi yaweza kuwapo bila kuonekana. Kwa hiyo kidole kipapase kwanza kama pana mapigo.

Kuhakiki mstari

Nywele, kovu au mkunjo wa ngozi vinaweza kutoa mstari unaofanana na mshipa. Mhudumu abonyeze mstari kwa kidole kimoja, kisha kwa kidole kingine aisukume damu kuelekea upande wa moyo. Mstari wa mshipa hufifia. Akiinua kidole cha kwanza, damu hurudi na mstari huonekana tena. Usiofifia huenda si mshipa. Usiorudi huenda ni mshipa ulioziba.

Mipaka ya kifaa

Tafiti zilizofanywa kwa watoto hazikuonyesha kwa ujumla kwamba kifaa hiki huongeza mafanikio ya jaribio la kwanza kwa kila mtoto. Manufaa yameonekana zaidi kwa wale ambao mishipa yao ni migumu kupatikana. Aidha, mtoto aliye katika hali ya mshtuko asicheleweshwe kwa kutafuta picha iliyo bora. Mshipa usipopatikana upesi, mhudumu aliyefunzwa atumie sindano ya ndani ya mfupa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aeleze ni mshipa upi uliokubali hapo awali na upi uliovimba. Mgonjwa wa figo ataje mkono unaotunzwa kwa ajili ya kusafisha damu. Mkono huo usichomwe kwa sababu tu kifaa kimeonyesha mshipa mnene juu yake, maana picha haijui mshipa huo umewekewa kazi gani. Mgonjwa anajua, na mhudumu hana budi kumwuliza kabla ya kuwasha kifaa.