LINDA BAISKELI YAKO: Mwongozo kwa Wakazi wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni chako wewe unayetoka Mpemba au Chapwa alfajiri kwenda kazini Tunduma mjini, wewe fundi wa Vwawa, na wewe mkulima wa kahawa wa Mbozi unayefuata mahitaji Mlowo. Baiskeli ikiibwa, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi huanza kula kipato chako siku hiyo hiyo.

Tunduma ina jambo lake la pekee. Mitaa yake imepakana na Nakonde, Zambia, na watu huvuka kila siku. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 kimerahisisha safari za halali. Lakini kwa mwizi, mpaka ulio jirani ni soko jirani ambako hakuna anayemjua mwenye mali. Kwa hiyo maandalizi ya kabla ya wizi yana uzito zaidi kuliko mbio za baada yake.

1. Ijue baiskeli yako kwa namba

Mara nyingi polisi wakikamata mali za wizi huwaita wananchi waje kuzitambua. Baiskeli nyeusi za aina moja zikipangwa pale kituoni, kusema "ile ni yangu" hakutoshi.

- Pindua baiskeli, futa grisi na matope. Tafuta namba iliyogongwa kwenye fremu, chini pale pedeli zinapokutana, au kwenye bomba la chini ya siti.
- Iandike namba hiyo nyuma ya risiti. Ipige picha pamoja na baiskeli nzima, kisha mtumie ndugu unayemwamini picha hizo, maana simu nayo huibwa.
- Kama haina namba, mwombe fundi akugongee alama yako kwenye fremu. Rangi hupakwa upya na keria hubadilishwa, lakini alama iliyogongwa kwenye chuma ni kazi kuifuta.
- Ukinunua baiskeli iliyotumika, andikianeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, yenye namba ya fremu na majina ya shahidi wa kila upande.

2. Funga ili kumchelewesha mwizi

Hakuna kufuli lisilovunjika. Kazi yake ni kumpotezea mwizi muda hadi aonekane.

- Kufuli dogo la gurudumu la nyuma huzuia gurudumu kuzunguka tu. Baiskeli nzima inaweza kubebwa juu ya bodaboda ikatoweka.
- Pitisha mnyororo mnene ndani ya fremu na gurudumu la nyuma, kisha ufunge kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa. Waya mwembamba hukatwa kwa koleo mara moja.
- Kaza mnyororo usilegee, na kufuli lisilale chini. Likigusa ardhi, mwizi hupata pa kuligonga kwa nyundo.
- Egesha mbele ya macho ya watu: karibu na mama lishe, fundi baiskeli au mlinzi. Mwambie kwa kinywa chako, "Naomba uniangalizie."
- Usiseme "naingia dukani mara moja" ukaiacha wazi. Mwizi naye anahitaji mara moja tu.
- Usiku ilaze ndani. Kama haiingii, ifunge kwenye nondo za dirisha.

3. Ikiibwa

1. Uliza papo hapo walioko karibu: imeelekea wapi, na nani?
2. Piga 112 au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Toa namba ya fremu na picha, na usiondoke bila namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako).
3. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, mafundi baiskeli na wauza vipuri. Baiskeli ya wizi hufika kwao kubadilishwa sura.
4. Ukiiona kwa mtu, usimvamie. Waite polisi. Huenda naye aliuziwa bila kujua, na kumpiga mshukiwa ni kosa la jinai ambalo limekwisha kuua wasio na hatia.

4. Usinunue mali ya wizi

Hapa ndipo kila mkazi ana nguvu, hata asiye na baiskeli. Mwizi haibi ili aendeshe. Anaiba ili auze. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeliona hilo: adhabu ya jumla ya wizi ni kifungo cha hadi miaka 7, ilhali anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Basi jihadhari na bei ya kutupa, muuzaji mwenye haraka, namba iliyokwanguliwa, au mtu anayekataa kufika kwa mwenyekiti. Ukikuta dalili hizo, usitoe pesa yako, na toa taarifa polisi. Baiskeli isiyopata mnunuzi Tunduma, Mlowo wala Vwawa haina faida kwa aliyeiiba.

Fanya wiki hii: andika namba ya fremu, piga picha, nunua mnyororo mnene, na mwonyeshe jirani yako kijitabu hiki.