Mtihani wa Kalamu na Mtihani wa Mkono

Somo letu la leo lahusu swali hili: skuli impime mtoto kwa yale aliyoyahifadhi tu, au na kwa yale awezayo kuyatenda?

Tuanzie mbali na pwani yetu, Manyatta katika kaunti ya Embu, miteremkoni mwa Mlima Kenya. Huko mkulima hupeleka kahawa yake kwenye kiwanda cha ushirika, na kabla ya kupimwa huichambua: matunda mekundu mbali, mabichi mbali. Mtoto amsaidiaye mamake ajua kutambua, kungoja zamu, kuhesabu kilo, na kuuliza kwa adabu hesabu isipolingana. Ama mtihani wa darasa la nane, uliodumu tangu 1985 hata 2023, haukuwa na jicho la kuyaona hayo; siku chache za karatasi zilimhukumu.

Utaratibu mpya, ulioenea nchini mwaka 2019, wataja stadi saba, miongoni mwake mawasiliano na ushirikiano, kufikiri na kutatua matatizo, ubunifu, na kujifunza namna ya kujifunza. Ni jambo jema. Lakini tazameni hesabu ya kumpeleka mtoto darasa la kumi: kazi za skulini za darasa la saba na la nane zina sehemu 20 katika mia, mitihani ya darasa la sita na la tisa yachukua 80 zilizobaki.

Wala tusiwacheke wa bara. Vyuoni mwetu mwalimu humsikiliza kila mtoto peke yake, wala hamvushi mpaka amemudu. Ni kipimo bora kuliko karatasi nyingi. Lakini wangapi tulihitimu tukisoma vizuri tusichokifahamu? Ulimi ulipimwa, maana haikuulizwa. Na isiyoulizwa aghlabu haifunzwi.

Liko na jambo zito zaidi, nalo ni amana. Mtoto apewa kazi ya mkono, babake aikesha usiku, asubuhi mtoto apokea alama. Wengine huiita huruma (na huenda ni kiburi cha baba). Sisi twaiita kupunja mizani, kwani aliyetenda mwenyewe amedhulumiwa.

Basi twaomba kazi hizo zifanywe skulini mbele ya mwalimu, na madarasa yapunguzwe ili aweze kutazama. Kisha mtoto aulizwe: umefanyaje, na kwa nini? Wa Manyatta aeleze kwa nini tunda bichi hutengwa. Wetu wa Lamu, kwa nini fundi wa jahazi huziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta.