Nguo Itokayo Mtini: Kazi ya Mikono ya Waganda

Watu wengi wakisikia neno nguo hufikiri pamba, uzi na kitanda cha mfumi. Lakini katika Buganda, nchini Uganda, iko nguo isiyofumwa kamwe. Huitwa lubugo, nayo hutoka katika gome la mti uitwao mutuba.

Kazi yake ni hii. Wakati wa mvua fundi huparua ganda la nje, kisha hukata gome la ndani kwa kulizunguka shina, juu na chini, akalipasua kwa urefu na kulibandua polepole lisiraruke. Hapo ndipo ustadi wake unapojulikana, maana kisu kikizama mno mti utaumia. Akiisha kubandua, hulifunika shina kwa majani ya mgomba, kama mtu afungaye jeraha. Gome jipya huota, na mti ule ule waweza kubanduliwa tena kwa miaka mingi.

Gome hilo hulainishwa kwa moto au mvuke, kisha hupigwa juu ya gogo, chini ya kibanda, lisije likakauka upesi. Nyundo zake ni za mti, zimechongwa mistari: kwanza hutumika yenye mistari minene, halafu yenye mistari myembamba. Gome hupanuka mara kadhaa kuliko upana wake wa kwanza. Mwisho huanikwa juani, likageuka rangi ya udongo mwekundu.

Mafundi wa kazi hii ni wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, na mkuu wao huitwa Kaboggoza. Zamani waume kwa wake walivaa lubugo. Ila nguo za wafalme na wakuu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi, ili cheo chao kijulikane.

Katika karne ya 19 wafanya biashara wa misafara walileta nguo za pamba, na lubugo ikaanza kuachwa. Hata hivyo haikuondoka katika mambo makubwa. Huvaliwa Kabaka anapotawazwa, na wafu huzikwa nayo. Huko Kasubi, mjini Kampala, pazia kubwa la lubugo liliwasitiri wafalme wanne waliolala humo. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba hiyo. Ndipo ilipodhihirika kwamba pazia la namna ile halinunuliwi dukani. Hapana budi wawepo watu wajuao kulifanya.

Shirika la UNESCO lilitangaza heshima ya ufundi huu mwaka 2005, likauandika katika orodha ya urithi wa ulimwengu usioshikika mwaka 2008. Lakini orodha haipigi gome. Mutuba ukibanduliwa huota gome jipya wenyewe. Bali fundi akifa bila kumfundisha kijana, hapana kinachoota mahali pake.