Koki ya Chini ya Tangi la Maji

Wabera, mtaa wa mji wa Isiolo wenye jina la Bwana Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya aliyeuawa mwaka 1963, umo katika nchi kavu, na mwenye tangi la maji huko hulithamini sana. Lakini mara nyingi watu hutunza kifuniko cha juu na kuisahau koki ya chini. Koki hiyo ikivunjika usiku, lita 1,000 zaweza kumwagika zote kabla ya mapambazuko.

Mabaharia wa pwani wanaijua hatari ya namna hii. Mashua ya injini huwa na koki zilizopenya ubavu wake chini ya maji. Ikikatika moja, chombo chaweza kuzama. Kwao maji huingia, na kwa mwenye tangi hutoka. Ila ugonjwa wa koki ni ule ule.

Koki nyingi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Maji ya chumvi, ya bahari au ya visima virefu vya nchi kavu, huila zinki polepole na kuiacha shaba nyekundu peke yake, yenye vitundu vidogo vidogo kama sifongo. Kwa nje koki yaonekana nzima, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Basi na ikwanguliwe kwa kisu. Ikiwa ya manjano, ni nzima. Ikiwa ya waridi au nyekundu, imekwisha nguvu, nayo haifai kutengenezwa. Ukoko wa kijani au mweupe kwenye maungio ni dalili ya kuvuja. Yafaa pia koki ifungwe na kufunguliwa kila mwezi ili isigande. Iliyoganda isilazimishwe kwa spana ndefu, kwani hukatika shingoni.

Wakati wa kuibadilisha, tangi litolewe maji kwanza. Spana ziwe mbili: moja ishike bomba, nyingine izungushe koki, la sivyo ukuta wa tangi waweza kupasuka. Meno ya bomba yasuguliwe, kisha yazungushiwe katani au utepe mweupe wa mafundi wa bomba. Koki ya shaba iliyochanganywa na bati hudumu zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Tangi lijazwe nusu, na karatasi kavu ipitishwe kwenye maungio. Ikilowa, kazi irudiwe.

Mabaharia wengi hufunga kwa kamba kizibo cha mti laini karibu na kila koki, tayari kupigwa tunduni ikikatika. Mwenye tangi naye aweza kuchonga chake kwa dakika chache.